Mzinga Mtupu wa Ipole

Cheyo, Tabora

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, mguu umepona, na kila siku anaulizia picha yako.

Umeniuliza kama bado naamini habari za nchi ya maziwa na asali, wakati wewe huko Dar kazi hupati. Naamini. Ninaobishana nao ni wale wanaoihubiri wakiwa wamekunja mikono.

Wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamishiwa karibu na Ipole. Mizinga ya baba ikabaki msituni, kwetu kwa zamani. Jumapili moja mwinjilisti aliisoma ahadi hiyo, na baba akasimama katikati ya ibada.

"Asali ipi? Yangu imebaki kule mlikonitoa!"

"Hata mimi nimetolewa kwetu, mzee," mwinjilisti akajibu. "Kesho njoo na shoka."

Baba alikwenda ili kuendeleza ubishi. Wakachonga gogo kuwa mzinga huku wakigombana, wakautundika juu ya mti.

"Tumetundika njaa yetu," baba akasema.

"Nyuki nao wanahama, mzee. Wanatafuta nyumba."

Miti ilipochanua, nyuki wakaingia wenyewe. Baba aliporina asali, alibeba sega la kwanza hadi kanisani, akaliweka mezani mbele ya watu wote.

"Asali ndiyo hii, mwinjilisti. Maziwa yako wapi?"

Kanisa zima lilicheka, mwinjilisti kuliko wote. Lakini baba hakuwa anatania. Jumatatu alipanda lori kwenda Igunga kwa wafugaji, kutafuta mtamba wa kutuletea maziwa.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea.