Samahani ya Hazel

Oak Narrows, Manitoba
Machi 12

Kwako dada yangu Marta,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mapacha, na kwamba kile kikohozi kimekwisha. Huku sote tu wazima. Mama ameanza tena kuotesha nyanya kwenye vikopo dirishani, ingawa theluji bado inatufika magotini, na analalamika kwamba hupigi simu. Mimi nafundisha, nasahihisha madaftari, nalala vibaya. Jumamosi, baada ya staftahi ya klabu yetu ya curling, majina ya timu yetu yatachongwa kwenye kombe, chini ya lako. Sitaki langu lichongwe, na wewe ndiye wa kwanza kuelezwa sababu.

Majira haya tulipata mgeni, Wendell, Mmarekani, shemeji wa mtunza barafu wa klabu. Ni mtu wa maneno mengi. Alikuwa amesikia kwamba Wakanada tuna adabu kupita kiasi, akaamua kutupima. Dukani aliwakanyaga watu wanane makusudi. Saba wakamwomba radhi yeye. Wa nane, alisema, alikuwa Mmarekani mwenzake. Tulicheka hadi tukamwaga kahawa. Nakiri nilijiona fahari, kana kwamba adabu ile nilikuwa nimeifuma kwa mikono yangu.

Fainali tulicheza na timu ya Hazel Tremblett. Unamkumbuka, ndiye aliyetufungia kamba za viatu siku ya kwanza tulipokanyaga barafu. Amecheza miaka arobaini na moja bila kulishika kombe hilo, na magoti yake yamechoka. Daktari amemwambia huu ndio mwaka wake wa mwisho. Tulifika jiwe la mwisho la kutelezesha tukiwa sawa kwa pointi, nalo lilikuwa letu. Nilikuwa mbele ya jiwe nasugua barafu kwa ufagio ili lifike mbali zaidi, Hazel amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Jiwe likatulia karibu zaidi na kitovu cha duara kuliko la kwao, kwa upana wa kidole. Tukashinda. Tukapeana mikono, tukawanunulia vinywaji kama ilivyo ada ya washindi, na Wendell akapaza sauti kutoka mezani kwake, "Mnawaona hawa? Hata wakifungwa wanaomba radhi. Bibi, wewe ungemwomba radhi hata mwizi wako." Hazel alicheka kuliko wote.

Dada, niligusa jiwe. Ufagio wangu uliligusa likiwa bado linateleza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mchezo wetu hauhitaji refa, kwa kuwa aliyegusa husema mwenyewe, papo hapo. Ningesema, jiwe lingeondolewa na kombe lingekuwa lao. Sikusema. Niliinua macho nikamkuta Hazel ananitazama, ameona. Nilingoja aseme yeye. Akasema, "Samahani, mpenzi, nimekuzibia njia."

Hakuwa amenizibia chochote. Nami nikamjibu, "Usijali."

Jumapili nilimpelekea mkate wa ndizi. Mlangoni nilianza, "Samahani, Hazel, kuhusu lile jiwe," lakini hakuniacha nimalize. "Usijali, mwanangu. Ingia, viatu vyako vimelowa." Tukanywa chai, tukazungumza habari za paka wake. Kila nilipojaribu tena nilianza na neno lilelile, naye akanijibu vilevile, akaniongezea chai. Nilitoka pale nimesamehewa jambo ambalo sijalitamka, na nikarudi nyumbani na hasira, sijui juu ya nani.

Sasa najua ni juu yangu mwenyewe. Jumamosi, kabla mchongaji hajafungua mkoba wake, nitasimama mbele ya watu wote na sahani zao. Sitaanza na samahani, maana watanijibu usijali kabla sijavuta pumzi ya pili, na Hazel atakuwa wa kwanza. Nitasema, "Niligusa jiwe. Kombe ni la Hazel." Kisha nitakaa. Wenzangu watatu hawajui lolote, na huenda wasinisemeshe hadi kiangazi. Mama ataona aibu. Kama kuna radhi ya kuomba, nitaiomba baada ya hapo, ikiwa na kitu cha kuombewa.

Msalimie sana shemeji, nawe wabusu mapacha kwa niaba yangu. Mama anakukumbusha mbegu za maboga. Usinipigie simu kabla ya Jumamosi, tafadhali. Nakujua, utaniambia nisijali.

Mdogo wako,
Nadia