Noah ya Kwenda Mloka

Kibiti, 6 Februari 2023

Mwanangu Mtoro,

Nakusalimu, na naomba karatasi hii ikukute mzima, unakula na unalala. Mie sijambo, isipokuwa magoti yananikumbusha umri kila nikiinama kusali. Mwanao Maimuna hajambo. Ameota meno ya mbele na ameanza darasa la kwanza, na kila asubuhi analia mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Ama baada ya salamu, nina shida ya gari. Noah ya marehemu baba yako imechoka. Tangu wakuchukue, huu mwaka wa tatu, hakuna aliyeigusa. Asubuhi inakohoa, ukiikanyagia mafuta inatetemeka kama mtu mwenye homa, na moshi wake unanuka. Yule fundi aliyeshika uwanja wako simtaki. Alilifungua gari la jirani yetu Mwinjuma, akatoa plagi nzima akaweka zake zilizokwisha. Saidy anasema sevisi ataifanya mwenyewe. Mdogo wako unamjua, mikono yake imezoea kushika simu. Kwa hiyo andika kila kitu kama unayemwandikia mtoto. Mie nitakaa na miwani yangu nimsomee.

Baada ya Idi tuna safari ya Mloka, na sitaki gari litulaze porini pamoja na tembo.

Jibu lipitie sanduku la posta la dukani kwa Hiralal, kama siku zote. Na usiulize sana mambo ya nyumbani, yanakuumiza bure. Shughulika na gari.

Mama yako


Gerezani, 25 Februari 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka wenzangu wakanicheka. Mimi mzima. Chakula ni kile kile, lakini mgongo umepona.

Hujui ulivyonifurahisha kuniuliza habari ya gari. Humu ndani mtu hukuuliza umefanya kosa gani tu. Nimeshachoka kuwaeleza kwamba nilikwenda Mbuchi kutengeneza lori, nikaambiwa nilijaribu barabarani, nikakamatwa nalo, na boriti za mikoko za magendo zilizokuwa juu yake sikuzikata mimi. Basi ngoja niseme kitu ninachokijua.

Mwambie Saidy aanze na oili. Aliwashe gari kidogo ipate joto, alizime, ndipo aimwage. Oili ya baridi huacha uchafu chini. Filta ya oili abadilishe hapo hapo, na ile mpya aifunge kwa mkono, asiikaze kwa spana. Filta ya hewa aitoe aitazame kwenye jua. Kama haoni mwanga, atupe.

Kwa plagi asubiri injini ipoe kabisa. Injini ya Noah ile iko chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo ainue kiti kwanza. Atoe plagi moja, aweke mpya, ndiyo aende nyingine, asije akachanganya waya. Na kila plagi aianze kwa vidole. Ikigoma asiilazimishe, airudishe nyuma aanze tena. Mtetemeko unaousema ni plagi, sina wasiwasi. Rejeta asiifungue ikiwa moto, ataungua uso. Mkanda ukiwa na nyufa, abadilishe. Mwisho atazame pedi za breki za mbele. Zikiwa nyembamba kama kadi ya simu, msisafiri nazo.

Mama, Mloka ni kwa wakwe zangu. Kuna msiba? Mke wangu Zaitun hajaja kunitazama tangu mwaka jana katikati. Mwambie simlaumu, najua nauli na najua umbali. Aniandikie mistari miwili tu. Hata akiandika kwamba amekasirika nitafurahi.

Mbusu Maimuna.

Mwanao, Mtoro


Kibiti, 8 Mei 2023

Mwanangu Mtoro,

Marahaba, na Idi njema ingawa imepita. Sisi wazima. Huku mvua imekatika, mpunga unavunwa.

Gari limepona. Ungekuwepo ungecheka. Mie juu ya kigoda nasoma, Saidy amelala chini ya gari anajibu. Namwambia, "Kaka yako kasema kwa mkono, usikaze kwa spana." Ananijibu, "Mama, nimesikia, kwani mimi kiziwi?" Plagi ya tatu ikagoma, akaitukana. Nikamsomea tena ile sehemu ya kurudisha nyuma, ikaingia. Alipowasha nilidhani halijawaka, kwa jinsi lilivyotulia. Pedi za mbele tumeweka mpya. Kweli Mungu alikupa mikono.

Sasa nikwambie la safari, maana utalisikia kwa wengine wakaliongeza chumvi. Tulikwenda Mloka kumchukua Zaitun. Saidy amemwoa.

Usitupe barua, soma mpaka mwisho. Ndoa yenu ilivunjwa kwa kadhi mwaka jana, mwenyewe aliomba, na mie ndiye niliyemsindikiza. Mwanamke kijana hawezi kukaa na mume wa kwenye karatasi. Taarifa yako ilikuwa iletwe huko, nikaomba iachwe nisikuongezee maradhi. Eda ilikwisha zamani. Wazee wake walitaka kumwoza kwa mtu wa Mbwara, na Maimuna angekwenda naye. Saidy ndiye aliyeokoa jambo. Mtoto amebaki ndani ya ukoo, mkwe nimebaki naye, na nyumba haikubomoka. Ukikaa ukafikiri utaona nimekufanyia wema.

Noah ilipambwa, ikaenda ikarudi haikukohoa hata mara moja. Watu wote walilisifia gari.

Mama yako


Gerezani, 1 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua hizi askari huzisoma kabla yetu. Aliyenipa hii hakunitazama usoni. Hapo nikajua imekuja na jambo, nikadhani mtoto amekufa.

Nimeisoma mara nyingi. Sehemu ya Zaitun nimeielewa. Nilichoshindwa kuelewa ni ile ya plagi. Ulikaa kwenye kigoda na miwani, ukamsomea Saidy maneno yangu, na wote wawili mlijua gari linakwenda kumchukua nani. Nami nilikuuliza kama kuna msiba. Uliisoma hiyo sehemu pia, mama? Uliisoma kwa sauti?

Ungeweza kuninyima habari, ukatafuta fundi. Mafundi wamejaa Kibiti. Lakini ukataka mikono yangu ndiyo imtengenezee mdogo wangu gari la harusi.

Usiniandikie mambo ya gari tena.

Mtoro


Kibiti, 9 Julai 2023

Mwanangu Mtoro,

Nakusalimu, ingawa barua yako haikuwa na hata neno la kuniuliza hali. Magoti yamezidi.

Umekasirika, sikatai. Lakini na wewe usijifanye umeonewa na dunia nzima. Nani alikutuma kupanda lori la watu? Baba yako alikuwa akisema wewe una akili ya chuma, ya watu huna. Zaitun ana raha sasa. Anacheka, kitu ambacho kwako sikumwona akikifanya. Nakwambia ukweli ili uache kumngoja.

Kuna jambo la gari, na najua umekataza. Pedali ya breki imeanza ugeni. Ukiikanyaga inashika, lakini ukiendelea kuishikilia inazama chini polepole, kama mguu kwenye tope. Mafuta ya breki yako juu, hayavuji popote. Saidy anasema ni upepo umeingia. Wewe unaonaje? Jibu kwa neno moja, si lazima utusalimu.

Mama yako


Gerezani, 24 Julai 2023

Mama,

Aliyechukua mke achukue na spana.

Mtoro


Kibiti, 18 Agosti 2023

Mtoro,

Barua yako niliisoma mbele ya watu pale dukani, nikidhani umeniletea jibu. Hiralal aliniuliza, "Mama Mtoro, mgonjwa huko?" Nikamwambia ndiyo, mgonjwa.

Saidy amelipeleka gari kwa fundi. Wametoa upepo kwenye breki, ikakaa sawa siku mbili, kisha pedali ikarudia kuzama. Fundi anasema litazoea. Mie sijawahi kusikia gari linazoea.

Mwezi ujao tunakwenda Mloka tena. Wakwe wametualika kwenye Maulidi, na tutakwenda wote, mie, Saidy, Zaitun na Maimuna. Maimuna amejifunza kaswida, ameshonewa gauni la kijani. Nakuuliza kwa mara ya mwisho na sitakubembeleza tena. Unalijua gari la baba yako kuliko sisi. Lina nini?

Mama yako


Gerezani, 2 Septemba 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yana nafuu. Ile barua niliyokuandikia mara ya mwisho niliiandika kwa hasira. Hii isome kama ile ya mwanzo, kwenye kigoda, na Saidy akiwa mbele yako.

Huo si upepo. Upepo huifanya pedali iwe laini tangu unapoigusa, na ukiutoa inapona. Pedali inayoshika kisha inazama taratibu, na mafuta hayapungui, hiyo ni masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki. Mpira wa ndani umekwisha. Mafuta yanarudi nyuma badala ya kwenda kwenye magurudumu. Kwenye tambarare mtadhani mmepona, kwa sababu mtu hukanyaga kidogo na kuachia. Kwenye mteremko atalazimika kuishikilia, nayo itakwenda mpaka sakafuni. Njia ya Mloka ina makorongo, na mnajua.

Liegesheni. Masta silinda inunuliwe mpya, wasifungue ya zamani kubadilisha mipira. Kama haipatikani Kibiti, agizeni Dar. Kama hakuna muda, pandeni basi.

Siombi kitu. Zaitun amekwenda, basi amekwenda. Saidy ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, sitaki aumie. Kama hamniamini kwa mengine, niaminini kwa hili. Maimuna asipande gari lile.

Nijibu hata kwa neno moja, nijue imefika.

Mwanao, Mtoro


Kibiti, 5 Novemba 2023

Mtoro,

Barua yako ilifika mapema. Nilimsomea Saidy kama ulivyoagiza, kwenye kigoda, mpaka mwisho. Alicheka. Akasema, "Mama, hujamwona? Kaka anataka gari lilale mpaka atoke. Hataki niende ukweni kwa gari." Zaitun akasema, "Lakini ametaja mtoto." Saidy akamjibu, "Ataacha kumtaja? Ndiyo kamba aliyobaki nayo." Wakanigeukia mie. Nikasema, mwenye kuandika achukue na spana, huyo hana nia njema na sisi. Tukaondoka Ijumaa baada ya sala.

Nilikaa nyuma ya Saidy. Mpaka tunakaribia Mloka gari lilikwenda vizuri, tukawa tunakusema. Tukaanza kushuka korongo. Niliuona mguu wake ukikanyaga, ukikanyaga, na goti lake likipanda na kushuka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, haipo." Akavuta breki ya mkono, gari likalala ubavu, likajiviringisha mpaka chini.

Usukani ulimbana kifua. Watu walikuja na trekta wakamvuta, lakini alikuwa ameshakwisha. Nilimshika kichwa muda wote. Zaitun amevunjika nyonga, wazazi wake wamemchukua, hatarudi kwangu. Maimuna alivunjika mfupa wa bega, umeshaunga. Mie, kama unavyoona, naandika.

Ulisema kweli. Hilo sikunyimi. Lakini nilipokuuliza mara ya kwanza ulinijibu kwa matusi. Ungenijibu siku ile kama ulivyonijibu baadaye, ningekuamini, na mwanangu angekuwa hapa anapokea simu zake. Ulinifundisha nisikuamini, kisha ukaniambia ukweli. Watu waliokuja matangani waliniuliza kama tulijua gari ni bovu. Nikawaambia kaka yake ni fundi, aliombwa msaada, akakataa. Barua ya spana nimewaonyesha. Ile ya masta silinda nimeichoma kwenye mafiga.

Sikuandikii uombe radhi. Nakuandikia kwa ajili ya Maimuna.

Miezi ya mwisho alikuwa akimwita Saidy baba. Sura yako ilishamtoka. Nilimwonyesha picha yako akasema ni mjomba. Siku ya maziko wanaume waliporudi kutoka makaburini aliniuliza kama ni baba yake aliyezikwa. Nikamwambia ndiye. Alilia, akalala, na hajauliza tena. Nami sitamwamsha.

Hiralal nimemwambia barua zako azirudishe zilikotoka. Kifungo chako kikiisha, usishuke Kibiti. Endelea na basi mpaka mji mwingine, magari mabovu yako kila mahali. Huku mtoto ameshamzika baba yake, na kila Ijumaa namfundisha kumwombea dua.

Bibi yake Maimuna