Kifaru Kilichooshwa

Mama Beno,

Wali umo kwenye sufuria. Usifunge mlango wa uani, nitachelewa.

Asubuhi mama yako amekisugua kifaru changu cha vita cha plastiki kwa sabuni na majivu. Kutu na matope niliyopaka kwa brashi ili kionekane kimetoka vitani, yote yametoka. Kimebaki kinang'aa kama sahani. Akaniuliza, "Mkwe, mwalimu mzima unaweka gari chafu mezani?" Nikajibu, "Ahsante, mama." Mama mkwe hagombezwi.

~~Mwambie~~ Usimwambie kwamba kesho kinashindanishwa na mifano mingine ya magari kwenye maonyesho ya misheni. Nimepata lifti hadi Kivukoni kuchota matope mengine. Akitaka kuosha tena, baiskeli yangu iko uani. Ile ni chafu kweli.

Baba Beno