Ndege Iliyoomba Kutua

4 Juni

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko? Sisi wazima. Goti langu tu ndilo linalonigombeza kila nikipanda ngazi za mnara wa kuongozea ndege, na wewe daktari wa meno mtarajiwa hunifai kitu kwa goti! Asante kwa soksi. Nazivaa hata kazini.

Utakuwa umesikia. Yale mataifa makubwa mawili yanayopigana, hilo unakosoma na adui wake, yote yametaka kutumia uwanja wetu wa ndege, na serikali yetu, changa kama ilivyo, imeyaambia yote hapana. Jumanne nilikuwa zamu. Ndege ya hao wanaopigana na wenyeji wako ikaniita redioni: imejaa majeruhi, mafuta yanakwisha, inaomba kutua. Sheria yetu inaruhusu majeruhi wa upande wowote. Nikawashusha. Silaha zimechukuliwa, rubani yuko chini ya ulinzi mpaka vita viishe, majeruhi wako hospitali.

Nilipokuwa nikiwaambia watue, nilikuwa nakufikiria wewe. Naomba wenyeji wako wasikutolee hasira.

Mama yako

22 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Hasira wameshazitoa. Wanafunzi wote wa kwetu tumefutiwa ufadhili, na tumepewa wiki moja tuwe tumeondoka. Nilibakiza mtihani wa mwisho, mama. Wenzangu hawajui aliyekuwa mnarani ni nani, na sijawaambia, maana naona aibu. Najua ulifuata sheria. Lakini sheria haikukesha nami nikisoma.

Usinijibu kwanza.

Binti yako

30 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi. Uliniambia nisijibu, nikajizuia, nimeshindwa. Nasikia mmekwama nchi ya jirani mkisubiri usafiri. Namshukuru Mungu uko salama.

Balozi wa wale niliowashusha alikuja mpaka mnarani na maua mkononi, anahema, ngazi zimemtoa jasho. Anasema nchi yake itakusomesha bure mpaka umalize, iwe shukrani yao. Mtu wao atakufuata huko huko. Maua nimemrudishia, mimi ni mtumishi wa serikali. Ila wewe si serikali. Wewe ni mwanangu, na nimekukosesha masomo. Kubali. Watu wakisema tumeegemea upande, waseme, nitaziba masikio.

Nisamehe.

Mama yako

19 Agosti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama, na pole na goti. Barua yako imenikuta nimeshamjibu mtu wao. Nimekataa. Usipige kelele kwanza, soma.

Siku ya kuondoka, mwalimu wangu mkuu, yule mkali niliyekuwa nikikulalamikia, alikuja stesheni. Serikali yake inatufukuza, yeye kaja kunibebea sanduku! Akanipa koleo alizoanzia kazi ya kung'oa meno. Basi nikamwambia nilichokuwa nimewaficha wote, kwamba aliyekuwa mnarani ni mama yangu. Nilidhani atanipokonya koleo zake. Badala yake akasema, "Mwanangu naye ni rubani, yuko vitani. Siku akiishiwa mafuta karibu na kwenu, naomba zamu iwe ya mama yako. Mpelekee asante yangu sasa, maana siku hiyo huenda nisipate nafasi."

Nililia ndani ya treni mpaka abiria mwenzangu akadhani nina jino bovu.

Sasa niambie, mama. Nikisomeshwa na hawa, kijana wa mwalimu ataamini vipi kwamba mnara wetu hauna upande? Atasita kukuita, ataenda kuangukia pengine. Sitaki cheti cha namna hiyo.

Hospitali yetu imekubali nianze kama msaidizi. Mtihani nitaufanya siku tukipata chuo chetu wenyewe, na wewe hujanikosesha kitu. Ile barua yangu ya Juni ichane. Wenzangu nimeshawaambia aliyekuwa mnarani ni nani, tena kwa kuringa.

Pokea basi asante ya mwalimu. Yangu nakuja nayo mwenyewe mwisho wa mwezi.

Binti yako