Kilima cha Kijani Kwenye Kompyuta ya Ghala

Mpwa wangu kipenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako, mtu ambaye akikohoa tu, ghala hili zima la vifaa vya ujenzi linasimama kusikiliza. Sisemi hivi kwa majivuno. Tajiri mwenyewe hauzi msumari bila kuniuliza, na kompyuta ya mezani ya ofisini iko chini ya mamlaka yangu, kuanzia kuiwasha asubuhi mpaka kuifunika kitambaa jioni. U hali gani? Mumeo yu salama? Na mjukuu wangu, meno yameongezeka? Sisi huku wazima, ila mimi silali vizuri, na mama yako kesho asubuhi anaingia kupasuliwa macho.

Najua habari hiyo unayo. Ulipopigiwa simu nilisikia ulivyopiga kelele za furaha. Yeye aliyeapa kwamba hakuna kisu kitakachogusa jicho lake akiwa hai, amekubali! Lakini hujui alikubalije, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu, maana mama yako sasa anaishi kwa masikio, na pale nyumbani anasikia hata sisimizi akigeuza njia. Barua hii nampa dereva yuleyule aliyeleta flashi yako.

Flashi ilifika. Uliagiza nimwonyeshe mama yako video ya mtoto kwenye kioo kikubwa, kwa sababu cha simu haoni kitu, ukasema pengine akimwona mjukuu wake, hata kwa ukungu, atapata moyo wa kwenda hospitali. Ukaniuliza kama nitahitaji mtu wa kunisaidia. Nikakujibu kwamba mimi nilizijua kompyuta tangu zikiwa kubwa kama kabati, na kuna mwaka nilitengeneza moja kwa kijiko. Hilo la kijiko tuliache kwanza.

Basi Jumamosi mchana, ghala limefungwa na mhasibu keshaondoka, nikamleta mama yako. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, kama anayekwenda kwa watu. Nikamkalisha kwenye kiti cha tajiri, pua karibu iguse kioo. Nikawasha. Kompyuta ikalia ting, ikanguruma, tukasubiri, ikanguruma tena, mwisho kikatokea kile kilima cha kijani chenye anga la buluu kinachokaa hapo siku zote. Mbele ya boksi kuna matundu mawili ya flashi, moja limevunjika na jingine limejaa gundi. Ikabidi niingie chini ya meza, nyuma ya boksi, gizani, kwenye nyaya na vumbi la saruji, nipapase. Nikapata tundu. Flashi ikaingia. Nikatoka na utando wa buibui sikioni, nikakaa.

Kimya. Nikamwambia mama yako mashine ya zamani haikurupuki, humsoma mgeni kwanza. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Nikazima, nikawasha, ting, kilima kilekile. Mama yako ameshika magoti yake, kila mara anauliza kama ameanza, kama ndiye yule. Alikuwa anaangalia kona ya kioo ambako hapakuwa na kitu, anatabasamu kidogo kidogo, kama mtu anayengoja kutambulishwa. Mpwa wangu, ungekuwa wewe ungesema nini? Nikamwambia ndiyo, huyo hapo.

Hapo ndipo mdomo ukanitoroka. Nikamwambia mtoto yuko kilimani kwenye majani, amevaa buluu. Nikamwambia anakimbia. Nikaona kukimbia peke yake hakutoshi, nikampa mwavuli. Mama yako akaweka kiganja kwenye kioo, akauliza mbona hasemi. Nikajibu spika zilikufa zamani. Akauliza amefanana na nani. Nikasema na mimi. Akasema maskini mtoto.

Njiani kurudi tulifika kwenye kona ya duka la dawa. Hapo akasema kompyuta yetu ina sauti nzuri sana ikiamshwa. Mimi nikajifanya naangalia magari. Akaniita kwa jina langu la utani, akasema, haya Redio, niandikishe hospitali, nataka kumwona mtoto huyo kwa macho yangu mwenyewe, ya kwako yamenitosha. Akaagiza kwamba bandeji ikitolewa tu, mahali pa kwanza nimpeleke ni hapa, kwenye kioo hikihiki.

Sasa umeelewa kwa nini sikai kitako. Tangu siku ile nazunguka ghala kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo mtu kaomba rangi nikampimia misumari. Barua hii yenyewe naiandikia kwenye kaunta, nainuka, nakaa, nachungulia mlangoni kama dereva amefika. Wazo langu ni hili: mvishe mtoto nguo ya buluu, mtafutie kilima chochote chenye majani, mpe mwavuli, mpige video upya, umkabidhi dereva akirudi. Mtoto akigoma kukimbia, mtu amsukume kidogo.

Niliishia hapo kwa sababu mhasibu aliingia, akaniuliza kwa nini nakodolea macho kompyuta kama inanidai. Nikamwambia flashi ya mpwa wangu mbovu. Nisamehe, nilikusingizia. Akainama chini ya meza, akakaa huko kidogo, nikasikia anacheka. Akaichomoa, akaichomeka tena, mara dirisha likafunguka lenyewe kwenye kioo. Kisha akaenda kuketi juu ya mfuko wa saruji, akacheka mpaka akavua miwani.

Nimeitazama, mpwa wangu. Hakuna kilima. Kuna sakafu, kuna mguu wa meza, kuna mtoto aliyevaa fulana nyekundu iliyomzidi. Wewe unasikika unamwita. Ameshika kiti, anaachia, anapiga hatua moja, anakaa chini puu! Anageuka kutazama kama kuna aliyemwona. Halafu anacheka, na kicheko kikatokea kwenye spika zilezile nilizoziua, na ni kicheko cha dada yangu tulipokuwa wadogo, kile kinachoanza, kinakwama, kinaanza tena. Nimeirudia hiyo video mpaka mteja akagonga kaunta kwa sarafu.

Basi futa niliyoomba hapo juu. Usimpandishe mtoto kilima chochote. Bandeji ikitoka nitamleta mama yako hapa, nimkalishe kiti kilekile, aione fulana nyekundu, na mimi nisimame nyuma yake nitukanwe. Na kama, Mungu apishie mbali, macho yatakataa, bado nitamleta. Safari hiyo nitamwambia kinachoonekana tu: fulana nyekundu, hatua moja, kukaa chini. Sitaongeza kitu, hata mwavuli. Hilo la macho kukataa ndilo linalonikimbizia usingizi kuliko kutukanwa.

Jambo moja tu nakuomba unisitiri. Mama yako akikuuliza ilikuwaje, mwambie kompyuta yetu ni ya zamani mno, haikupatana na flashi ya kisasa. Ni maneno ya kitaalamu, atayaheshimu.

Msalimie mumeo, mbusu mtoto mashavu yote mawili, na kesho asubuhi mkiamka mtukumbuke katika dua. Dereva anapiga honi.

Mimi mjomba wako,
Redio,
Mkuu wa Ghala na Mitambo Yake Yote

Nimeichana bahasha ili niongeze haya, dereva ananifokea. Usimwambie mama yako habari ya kutopatana. Kompyuta haina kosa, na flashi yako haina kosa. Niliichomeka kwenye tundu la waya wa intaneti, na tangu Jumamosi ilikuwa inaning'inia humo kama jino la mtoto.