Nimeling'arisha Gitaa la Mume Wangu, Kumbe Mikwaruzo Ndiyo Aliyoinunua

Mshauri mpendwa, pole na kazi ya kutusikiliza, na mimi naomba unisaidie maana hapa nilipo nimekalia ndoo ya vanishi katikati ya karakana yangu na sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni fundi wa samani, kazi yangu hasa ni kung'arisha, mtu ananiletea kabati la bibi yake limepauka limechubuka, baada ya wiki mbili anaweza kujitazama humo, na si kujisifu, hata mafundi wanaume wakishindwa na meza wananiletea mimi.

Mume wangu ni muuguzi, mpole, mtu wa maneno machache, na tulipooana alikuwa na gitaa lake la umeme alilolipiga tangu shule, rangi imelika pale anapoegemeza mkono, na mwaka nilipofungua karakana aliliuza ili nipate mashine ya kupulizia rangi, hakuniambia mpaka mashine imefika mlangoni, na miaka kumi na minne imepita sijamsikia akilitaja.

Sasa mwezi uliopita akaja na gitaa la umeme lililotumika, kalinunua kwa mpiga gitaa mmoja wa bendi ambaye watu wanamwita Mzee Nyuzi, akaliweka mezani huku anatabasamu kama mtoto, mimi nikalitazama nikasema moyoni, jamani, mume wangu kaingizwa mjini, maana rangi ilikuwa imebanduka hadi mbao inaonekana, vanishi imepasukapasuka, vyuma vimefanya kutu, nikamwambia, "Baba watoto, hapa umeuziwa mzoga," akanijibu tu, "Mimi nimelipenda hivyohivyo, mama," akalirudisha kwenye boksi lake.

Basi hospitali ikampeleka mafunzo, nami nikaona hapa ndipo pa kumfurahisha, nikalifungua vipandevipande, nikachora nyaya zake kwenye karatasi nisije nikakosea kuzirudisha, nikalipiga msasa, nikaziba mabonde, nikapuliza rangi ileile ya asali tabaka juu ya tabaka, siku tisa, mshauri, likatoka zuri hata wateja wakawa wanauliza bei.

Juzi Mzee Nyuzi akapita karakana kuleta mkanda wa gitaa aliosahau kumpa mume wangu, akaliona limening'inia, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama wee! Umelifanya nini?"

"Nimelitengeneza," nikamjibu kwa madaha.

"Lilikuwa limetengenezwa! Ile michubuko imefanywa kiwandani, watu wanaagiza!"

Nikadhani ananitania, akafungua boksi akatoa hati ambayo niliiona nikadhani ni garantii, kumbe imeandikwa wazi kwamba gitaa limetoka kiwandani likiwa limechakazwa kwa mikono, na akaniambia mume wangu alipita kwake mara nne kulitazama kwa sababu lilikuwa limelika palepale lilipolika lile la kwanza, na alimwomba asinieleze habari za kiwandani, ati nitamcheka.

Na kweli ningemcheka.

Mdogo wangu ananiona nalia ananiambia, "Dada, kwani wewe huna msasa? Lichakaze upya, shemeji hatajua," nami nimejaribu kidogo kwa nyuma, sehemu ndogo kama kiganja, nimepasua vanishi kwa barafu na hewa ya moto, nimepaka chai ya rangi kwenye nyufa, na kinachonitisha ni kwamba imetoka sawasawa, picha za mwanzo ninazo, naweza kulirudisha lote na asijue maisha yake yote. Anarudi mwisho wa mwezi. Je, nilichakaze ninyamaze, au niseme nimvunje moyo mtu aliyejinyima kwa ajili yangu?

Ni mimi, fundi mwenye mikono isiyotulia.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimecheka, sikufichi. Kisha nimeisoma tena barua yako nikaacha kucheka. Pole sana, mwanangu, najua ulitaka kumfurahisha.

Lakini hebu tuulizane. Mteja akikuletea kabati, unaanza kulisugua kabla hujajua analitaka vipi? Thubutu! Unamuuliza rangi, unamuuliza ling'ae au lififie, unampa hata kipande cha ubao achague. Mtu baki unamuuliza. Mumeo alikwambia kwa kinywa chake kwamba amelipenda hivyohivyo, wewe ukaendelea na lako kwa sababu ulishaamua kwamba hajui anachonunua.

Na hilo la kukuficha habari za kiwandani limeniuma zaidi ya gitaa lenyewe. Mtu mzima, muuguzi anayeshika roho za watu, anaogopa kuchekwa sebuleni kwake. Umekiri mwenyewe kwamba ungemcheka, na kwa ukweli huo nakupa heshima. Jiulize ni mangapi mengine ameyarudisha kwenye boksi kwa namna hiyo.

Kuhusu msasa wa mdogo wako, hapana. Naamini kabisa kwamba mumeo hatajua. Wewe je? Ataegemeza mkono pale, atafumba macho apige, na wewe utakaa hapo unaikagua kazi yako kama imeshika. Kiwanda kilichakaza gitaa lakini hakikumdanganya mtu, kikatoa na hati. Wewe utatoa hati gani?

Fanya hivi. Msasa urudi kabatini leo. Kile kipande cha nyuma ulichojaribia usikiguse, acha akione. Usimwambie kwa simu, yuko mbali na hana pa kupeleka hasira zake. Akirudi, akishaoga na kula, watoto wakiwa nje, mwambie kabla hajalifungua boksi. Usianze na siku zako tisa. Usimtangulize Mzee Nyuzi. Akikasirika mwache akasirike, usimbembeleze wala usianze kulia wewe ili yeye ndiye akubembeleze, maana hiyo tunaijua. Akitulia, muulize analitaka vipi, na safari hii subiri jibu. Akisema libaki linang'aa, libaki. Akitaka makovu yake, akae karibu nawe akuoneshe kila moja liende wapi. Akisema analipeleka kwa fundi mwingine, meza hilo pia, japo najua litakukwama.

Na kuna jambo sikuliona kwenye barua yako. Umeandika aliuza gitaa lake, mashine ikafika mlangoni. Nimetafuta mahali ulipoandika kwamba ulimshukuru, sijapaona. Nadhani zile siku tisa za kusugua ndizo zilikuwa asante yako, imechelewa miaka kumi na minne, na imemwangukia vibaya. Mimi nimeielewa. Yeye hawezi kuielewa mpaka umwambie.

Ukihofia kwamba maneno yatakukauka mdomoni, usihangaike kutafuta mengine. Chukua barua hii uliyoniandikia mimi, kaa mbele yake, uisome yote. Kila ulipoandika "mume wangu", soma "wewe".