Sinia la Arobaini Yako

Mama,

Nimekaa nikingoja hasira inishuke ndipo nikuandikie. Haikushuka. Basi nakuandikia nayo hivyo hivyo, maana nikingoja zaidi nitamtukana mtu wa watu njiani.

Hitima yako ya arobaini tuliisoma vizuri. Watu walijaa mpaka nje, mikeka tukaiazima kwa nusu ya mtaa wa Ngamiani. Kila aliyenawa mikono alikusifu: Bi Mwanahawa mama wa wasio na pa kulala, Bi Mwanahawa hakumwacha mtu nje. Jirani yetu Mzee Shaabani ndiye aliyelia kuliko wote. Alijifuta machozi kwa ncha ya kanzu, kisha akasogea karibu na pilau.

Wakiwa wanakula, akaja mtu. Yohana jina lake, mtu wa bara, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Nyuma yake mkewe, ana sufuria na mkeka kichwani, na watoto wawili wadogo. Mashine ya mkonge ilimkata vidole, na nyapara akamwambia nyumba za kambini ni za wenye mikono ya kazi. Wenziwe wakamwelekeza aje mjini akuulizie. Akasimama pale mbele ya hitima yako, akauliza Bi Mwanahawa yuko wapi.

Unajua walimjibu nini? "Laiti Bi Mwanahawa angekuwa hai." Wote, Mama, kama walioambizana. Mmoja akamwambia aende misheni. Alikwisha kwenda, misheni wamemtuma kwa jumbe, na karani wa jumbe amemwambia arudi kambini. Kila mtu alikuwa na mlango wa mwenziwe wa kumwonyesha. Kisha wakaendelea kumega matonge, na yule mtoto mdogo anawatazama midomo.

Hapo nikapandwa na hasira. Ulipokuwa hai walikuachia kazi yote wewe, na umekufa wamepata kisingizio. Hata wewe nilikukasirikia, Mungu anisamehe, kwa kuniacha na watu hawa.

Katika chumba chetu cha uani bado wamo wale wa kijiji cha Moa uliowaleta nyumba yao ilipoungua. Lakini Mzee Shaabani ana chumba kitupu tangu binti yake aolewe, ameweka matenga ya kuku. Ulimwomba ukachoka. Kila ukimwomba alikwambia paa linavuja.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Mtu hukumtuma, ulimpeleka. Ulimshika mkono mpaka kwa mwenye nyumba, mkaketi, wakala sinia moja mbele ya macho yako. Ulikuwa ukisema, "Aliyekula na mtu hawezi kusema simjui." Na Ijumaa ulirudi kuangalia kama kuna ugomvi wa jiko, kama mtoto ana homa, kama mume kapata kibarua.

Nikatoka nje. Najua mwanamke hapiti kwenye mkeka wa wanaume, na ushungi wenyewe ulikuwa umeniteleza. Nilimshika Yohana mkono wake mzima, nikampitisha katikati yao, nikamkalisha kwenye sinia la Mzee Shaabani pamoja na wanawe. Mkewe nikampeleka ndani, nikamweka ubavuni mwa mke wa Shaabani. Yohana alikula kwa mkono wa kushoto na hakuna aliyethubutu kumsema. Mimi nikabaki nimesimama pale pale. Walipokwisha kula wote, nikamwambia Yohana, kila mtu anasikia, kwamba mwenyeji wake ndiye huyu aliyekula naye. Mzee Shaabani alinitazama kama niliyemwibia. Lakini pilau ilikuwa tumboni, na waliomwona ni mtaa mzima.

Kuku walihamishwa kabla ya alasiri.

Ijumaa zote nakwenda. Yohana nilimpeleka mwenyewe Usagara kwa mwenye mbata, sasa anafukuza kunguru uwanjani zinapoanikwa nazi, kazi isiyotaka vidole kumi. Mkewe na mke wa Shaabani wamekwisha kugombana na kupatana. Na mvua za masika ziliponyesha nilikwenda kusimama ndani ya chumba kile, nikatazama juu. Halivuji, Mama. Paa lile halivuji hata tone, na miaka yote hiyo alikuona ukirudi na watu wako kwenye mvua.

Siku hizi wakiniona naja na mtu, wengine hufunga milango. Hakuna anayesema tena laiti ungekuwa hai. Wanasema afadhali mamaye, alikuwa akiomba.

Pumzika, mama yangu. Mola akulaze pema. Nakuahidi, atakayekuja kukuulizia hapa mlangoni hatasikia kwamba umekufa kabla hajapata pa kuweka mzigo wake. Nitajitanda ushungi, nimwambie twende.

Mwanao,
Mwanasha